Picha Niliyoiloweka

Jumamosi iliyopita binti yangu Keza alimwaga siki bafuni, na mimi niliyekuwa sebuleni nikimenya vitunguu nikajikuta nina miaka minane.

Siki si mgeni nyumbani kwangu. Natia kwenye kachumbari, nasugulia birika likishika ukoko. Lakini siki ya jikoni huwa na wenzake wa kuifunika. Hii ilikuwa peke yake ndani ya chumba kilichozibwa dirisha, imekaa na unyevu wa saruji na joto la mtu anayehangaika gizani, ikanijia puani kama mtu anayenijua kwa jina la utotoni.

Keza ana miaka kumi na saba. Amejipatia kamera ya zamani, ile ya kutia filamu. Wenzake wana simu zinazopiga picha mia kabla hujamaliza kupiga chafya, na yeye pia anayo, lakini anasema anataka picha ya kusubiri. Sikujua kwamba kusubiri kumekuwa starehe.

“Mama, usifungue mlango,” alipiga kelele kutoka ndani. “Nageuza bafu kuwa chumba cha giza.”

“Na mimi nikitaka kuoga?”

“Wewe hutoki nyumbani. Unamwogea nani?”

Ni kweli. Mimi ni mtu wa ndani. Tangu tuhamie Busanza, pembezoni mwa Kigali, majirani wananijua kwa sauti tu, kama redio. Kituo cha mabasi cha Nyabugogo naenda mara moja kwa mwaka, na nikirudi nahitaji siku mbili za kulala, kama mtu aliyetoka safari ya ng’ambo. Wengine huzaliwa na miguu, mimi nilizaliwa na kiti.

“Siki umezidisha,” nilimwambia kupitia mlangoni. “Kijiko kimoja cha kulia kwa kikombe cha maji kinatosha.”

Ikaja sauti ya mtu aliyegundua kwamba mama yake aliwahi kuishi kabla yake: “Umejuaje?”

Nilijua kwa sababu nilikulia ndani ya chumba cha giza, mtaa wa Rwezamenyo, Kigali, na kwa sababu ndani ya chumba hicho nilimfuta mtu.

Baba yangu alikuwa mpiga picha. Alizaliwa na kukulia Tanzania, huko Bukoba, kwa wazazi waliokimbilia kule kutoka Rwanda, na ufundi alijifunza kwa mwenye studio mmoja aliyemlipa kwa chakula na masomo. Tuliporudi Kigali alibeba vitu vitatu vya maana: Mama, mimi, na mashine ya kukuzia picha, yenye shingo ndefu kama korongo, ameifunga ndani ya godoro. Mama alisema hadi mwisho kwamba njia nzima godoro lilikaa kiti cha mbele na yeye nyuma na kuku. Mtaani walimwita Gafotozi, yaani mpiga picha, na baada ya mwaka mmoja nadhani ni watu watatu tu waliolijua jina lake halisi.

Wa rika langu mtakumbuka picha za vitambulisho za siku zile, nyeusi na nyeupe, na lile koti. Kila studio ilikuwa na koti moja la wateja. La Baba lilikuwa la kijivu, kubwa, na ukitazama vitambulisho vya wanaume wa Rwezamenyo wa wakati ule utadhani wote walikuwa karani mmoja mwenye vichwa vingi.

Kazi ya kupiga aliifanyia barazani. Ya kusafisha ilihitaji giza, na giza pekee nyumbani lilikuwa stoo ya Mama.

“Yaani maharagwe yangu yahame kwa ajili ya vivuli?” Mama aliuliza.

“Kwa muda tu, mke wangu.”

Maharagwe yalihamia chini ya kitanda changu, na kwa muda huo tu nililala juu ya gunia kwa miaka minne.

Kutengeneza giza ni kazi kuliko mnavyofikiri. Giza la usiku linakuja lenyewe. La saa sita mchana lazima ulijenge. Baba aliziba dirisha kwa karatasi za mifuko ya saruji, tabaka juu ya tabaka, akapigilia blanketi juu yake. Mlangoni aliweka kitenge kilichokunjwa. Kisha tukaingia wote wawili, akafunga, akasema tukae bila kusema kitu mpaka macho yazoee. Hapo ndipo nilipoona nyota. Paa lilikuwa la mabati yaliyotumika kwingine kabla yetu, na kila tundu la msumari wa zamani liliwaka juu yetu.

“Hesabu,” Baba alisema.

Nilihesabu ishirini na sita. Alinibeba mabegani, na nikazizima moja moja kwa sabuni ya kipande niliyoikanda na majivu. Nje, watoto wenzangu walikuwa wakicheza mpira wa majani ya migomba na kupiga kelele. Niliwaonea huruma. Wao walikuwa na jua moja tu.

Taa nyekundu, ambayo haidhuru karatasi ya picha, alijitengenezea kwa kioo cha taa ya nyuma ya lori, na balbu ndogo ndani yake. Chini yake mabeseni matatu ya Mama. La kwanza la dawa ya kuamsha picha, la pili la siki ya kuizuia, la tatu la dawa ya kukazia, ili ukiitoa kwenye mwanga isiwe nyeusi yote. Saa inayoonekana gizani hakuwa nayo, kwa hiyo muda aliupima kwa sala. Karatasi ndani ya beseni la kwanza ilikuwa Baba Yetu nne za mwendo wa kanisani. Siki, Baba Yetu moja ya haraka. Sijawahi kumwona mtu anayesali sana kama baba yangu, na wala hakuwa mtu wa dini kihivyo.

Mimi nilisimama juu ya kreti ya soda, pua yangu ikilingana na ukingo wa beseni, na niliona karatasi tupu ikizama. Katikati ya sala ya pili yalitokea macho. Kisha nywele, kisha pua, kisha lile koti. Hakuna aliyenieleza kwamba mtu huyo alikuwa tayari ndani ya karatasi, amepigwa na mwanga wa mashine. Mimi niliona maji na mtu akitoka ndani yake. Nikakata shauri, kimyakimya kama kawaida yangu, kwamba karatasi ni mbegu, maji ndiyo yanayojua watu, na ukiwa na subira mtu atatoka kadiri unavyotaka. Wa vitambulisho waliishia mabegani kwa sababu Baba alikuwa na haraka.

Sasa Bibi Mwajuma.

Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, muuza sambusa, Mwislamu wa Rwezamenyo wa tangu zamani ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha pale pale mtaani, si hiki cha Baba cha Bukoba ambacho alikicheka kila siku. Mume wake, Mzee Saidi, alikuwa dereva wa malori ya Mombasa. Siku moja aliondoka alfajiri, na njiani huko akaugua, akafa, akazikwa huko huko na madereva wenzake. Kilichorudi ni mfuko wa nguo na leseni yake. Kwenye leseni, picha: ndogo kama kiberiti, kona moja ina tundu la pini lenye kutu. Hakuwa na nyingine.

Alhamisi moja aliileta, ameibandua kwenye leseni, imefungwa ndani ya leso ndani ya kopo la majani ya chai.

“Gafotozi, nataka huyu mzee awe mkubwa. Nimuweke ukutani, anione napoteseka.”

“Nitaipiga picha, halafu niikuze,” Baba alisema. “Hii yenyewe utarudishiwa Jumatatu.”

“Utamsomea Baba Yetu?”

“Ndiyo saa yangu, Bibi.”

“Huyu ni Mwislamu. Msomee Fatiha, asije akatoka na msalaba.”

Baba alicheka, akaiweka picha juu ya ubao barazani, akainama na kamera. Nilisimama karibu nao. Bibi Mwajuma aliinama pia, mpaka Baba akamwomba asogeze kivuli chake.

“Sura iko,” alisema Bibi, kana kwamba anaongea na picha. “Masikio iko. Lakini mikono haiko. Mimi huyu mtu nilimjua mikono. Sura nilikuwa naiona mara moja kwa mwezi.”

Baba alisema huo mhuri, ule wa zambarau uliokata bega la Mzee Saidi, ataufuta kwa brashi kwenye picha kubwa. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nautazama huo mhuri. Ulikuwa robo ya duara, unaingia kutoka kona ya chini na kupita begani, na mimi, mtoto wa mpiga picha, mwenye akili za kutosha kuzima nyota, niliona wazi kabisa kwamba ule ni usukani. Mtu ni dereva. Usukani umeanza kutokea. Sasa mikono ingekuwa wapi kama si pale pale chini, kidogo tu nje ya karatasi, inasubiri maji?

Jumamosi Baba alikwenda kupiga harusi, na kamera yake nyingine, ile ya rangi. Dawa ya kwanza alikuwa ameirudisha kwenye chupa, siki ameimwaga. Beseni la tatu tu lilikuwa limebaki na dawa, limefunikwa ubao. Kwangu maji yalikuwa maji. Nilichukua picha ya Mzee Saidi kwenye sanduku la Baba, nikaingia, nikaizamisha. Nikasali Baba Yetu nne. Nikaongeza nne. Haikutokea hata kucha. Nikafikiri: mikono miwili, usukani mzima, huenda na miguu na viatu, hiyo si kazi ya sala nane. Nikarudisha ubao, nikatoka kula.

Jumapili ilikuwa ibada, na ibada yetu haikuwa ya kwenda na kurudi. Mtu aliingia asubuhi na kutoka na njaa ya kweli. Nakumbuka nilikaa kwenye benchi nikiwa na furaha ya siri. Nilimwona Mzee Saidi mle gizani akinyoosha vidole.

Jumatatu asubuhi Baba alifunua beseni. Hakupiga kelele. Aliniita kwa jina langu lote, lile la ubatizo na la Kinyarwanda, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kelele. Alikuwa amesimama mlangoni, kwenye mwanga, ameshika kikaratasi kwa ncha za vidole.

Dawa ya kukazia ina tabia yake, na niliijua siku ile. Ukiipa picha dakika chache inaitunza maisha yote. Ukiiachia siku mbili, inaila. Mzee Saidi alikuwa ameliwa. Uso ulikuwa weupe wa manjano, macho hayapo, koti halipo. Kilichobaki, kwa kuwa wino si kazi ya dawa ile, ni mhuri. Serikali ilibaki, mtu akaenda.

“Nani ameweka hii?”

“Mimi.”

“Kwa nini?”

Mama alitokea jikoni, akaona, akashika kichwa. “Mungu wangu. Ya Mwajuma? Si ndiyo hiyo moja?”

“Ndiyo hiyo moja.”

“Si uliipiga kwanza?”

“Niliipiga,” Baba alisema. “Mara moja. Na Bibi alinisukuma kiwiko.”

Kwa kawaida alipiga kila kitu mara mbili. Lakini filamu nyeusi na nyeupe ilikuwa imeanza kuadimika, kila mtu akihamia rangi, naye alikuwa anaibania. Ndiyo maana pia hakuwa ameisafisha: ilikuwa na picha kumi na mbili tu kati ya thelathini na sita, naye alisubiri watu wa vitambulisho waimalize. Asubuhi hiyo hakusubiri. Aliizungusha filamu yote irudi ndani ya kopo lake, nafasi ishirini na nne zikaenda bure, akaniambia, “Ingia.”

Nilidhani ananipeleka kunipiga kwa faragha. Alifunga mlango, akakunja kitenge chini. Taa nyekundu hakuiwasha, kwa maana filamu haivumilii hata nyekundu. Nilisikia mikono yake ikiiviringisha filamu kwenye gurudumu lake na kulitia ndani ya kopo la kusafishia, pole pole, na pumzi yake. Juu yetu tundu moja lilikuwa limeng’oka sabuni. Nyota moja.

“Baba,” nilinong’ona, “kuna mwanga.”

Akasema kwa upole ambao sikuustahili, “Simama chini yake.”

Nilipanda kreti, nikanyoosha mkono juu, kiganja kimefunika ule mstari wa jua, nikasimama hivyo mpaka akafunga kifuniko. Kisha tukasali, kwa maana dawa ilikuwa imeingia na filamu ilidai Baba Yetu kumi na nane. Mkono uliniuma, lakini sikuushusha ingawa haikuwa lazima tena. Kila alipofika mahali pa kusameheana makosa alipunguza mwendo. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati. Kufika ya tano nilijua ni mimi.

Picha ilikuwepo, na mkono wa Bibi ulikuwa umeitikisa kidogo tu. Tulipoikuza jioni ile, Mzee Saidi akatoka beseni la kwanza, macho kwanza kama watu wote, mkubwa kama sahani, na kiwingu fulani usoni kana kwamba amepulizwa na upepo wa dirisha la lori. Aibu yangu nitawaambia: hata wakati ule nilitazama ukingo wa chini wa karatasi, kama mikono itaamua.

“Kesho utampelekea zote mbili,” Baba alisema. “Utamwambia mwenyewe.”

“Wewe utakuja?”

“Nitakaa barazani. Ukilia nitasikia.”

Bibi Mwajuma alikuwa anakunja sambusa. Nilimpa kubwa kwanza, nikitumaini itamaliza maneno. Aliifuta mikono, akaipokea, akaitazama muda mrefu na midomo ikicheza bila sauti.

“Amekuwa mtu mkubwa,” alisema mwishoni. “Na ile ndogo?”

Nilimpa ile ndogo.

Aliigeuza nyuma, akairudisha mbele. Akaisogeza dirishani. Nilianza kusema nilichofundishwa, samahani Bibi, ni mimi, akanyanyua kiganja ninyamaze.

“Huyu mtu,” akasema, “hata kwenye picha ameondoka bila kuaga.”

Sikujua kama ni mzaha. Hata leo sijui.

“Sasa wewe, mtoto wa kukaa ndani, mwenye adabu zake. Ulikuwa unatafuta nini?”

“Mikono,” nilisema. “Ulisema haiko. Nilitaka itoke. Ilikuwa karibu, Bibi, usukani ulikuwa umeshatokea.”

“Usukani gani?”

Nilimwonyesha. Kwenye ile ndogo, ile robo ya duara peke yake. Kwenye kubwa, begani, maana Baba hakuwa amepata muda wa kuufuta. Bibi Mwajuma aliutazama mhuri, akanitazama mimi, akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kitenge, na kicheko kile hakikwisha kama vicheko vinavyoisha. Nilisikia kiti cha Baba kikisogea barazani.

“Kaa hapo, Gafotozi,” aliita. “Hakuna anayelia.” Alikuwa analia. “Na huo mhuri usiufute. Acha mzee na gari lake.”

Kisha alinikalisha kigodani, akachukua mikono yangu miwili. Yake ilikuwa na unga na mafuta.

“Kama unataka mikono, iko hivi. Wa kushoto hapa juu. Wa kulia unashuka, unarudi, kwa sababu huyu ndiye anashughulika na gia. Hapana, legeza. Hakuwa mtu wa kukaza. Na hiki kidole gumba hakikunji. Jeki ilikivunja, kikakaa hivi, kimesimama. Hata akilala kimesimama. Hata akishika kikombe.”

Alikinyoosha kidole changu gumba, akakishika hivyo.

“Siku ile ya mwisho nilikuwa macho,” alisema. “Nilikuwa nimenuna, nikafanya kama nimelala. Alinigusa hapa begani na hicho kidole, akaondoka.”

Nilibaki nimeshika usukani. Baadaye alirudisha picha kubwa ndani ya leso, na ile ndogo akaniwekea kiganjani.

“Hii kaa nayo. Wewe ndiye ulikuwa naye akiondoka.”

Picha kubwa ilikaa ukutani kwake mpaka alipohamia kwa binti yake, na sijui iko wapi leo. Rangi ilikuja, koti la kijivu likawa la kufutia baiskeli, na maharagwe yakarudi stoo. Bibi Mwajuma hayupo. Baba hayupo pia, na Mama aliondoka akiwa bado anadai lile beseni lake la tatu.

Keza alitoka bafuni jioni, nywele zimemganda, filamu yake inaning’inia kwenye bomba la mvua imebanwa na kibanio cha nguo. Nilikuwa nimeshatoa kabatini kopo ninalomtunzia Mzee Saidi. Alichukua kile kikaratasi, akakigeuza, akakiweka kwenye mwanga wa dirisha, vile vile kama Bibi Mwajuma.

“Mama, hii imeharibika. Hamna mtu. Ni mhuri tu.”

“Ni usukani,” nilisema. “Weka hiyo chini. Leta mikono.”

Alinitazama kama watoto wanavyotutazama siku hizi, kisha akaileta, imelowa bado, inanuka siki.

“Wa kushoto juu. Wa kulia chini, kwenye gia. Legeza,” nikamwambia. “Na hicho kidole gumba usikikunje.”